Mboga ya Jumatano

Fundi wa mafriji aliposhuka kwenye basi alikutana na kazi yake ana kwa ana. Maisha yake yote alikuwa akiwatengenezea watu baridi, akiifungia nyuma ya milango yenye mpira, kisha akirudi nyumbani kujipepea. Sasa baridi ilikuwa imetoka, haina mlango, na aliyekuwa ndani yake ni yeye.

"Funga mlango," alisema, meno yakigongana.

"Mlango gani, Baba?" binti yake aliuliza.

"Wowote."

Binti huyo aliitwa Spika. Jina alilipata kwenye bweni la shule, ambako ndiye aliyeongoza vikao taa zikishazimwa na ndiye aliyetoa hukumu kwa waliochovya vidole kwenye siagi za wenzao. Jina likamfuata hadi nyumbani likiwa limebeba sanduku lake. Kwa sasa alikuwa likizo, na likizo kwa mtu kama yeye ni hatari kwa umma.

Mama alishuka wa mwisho. Alishika chuma cha mlango wa basi kwa muda mrefu hata utingo akamwuliza kama anataka kukinunua.

Ajabu ni kwamba Mama ndiye aliyekuwa mwenyeji. Alizaliwa huku milimani, na kule bondeni hakuna jirani aliyeruhusiwa kulisahau jambo hilo. Maziwa ya kwetu juu yana mafuta hadi kijiko kinasimama chenyewe. Watoto wa kwetu juu hawajibu wakubwa. Maji ya kwetu juu hayahitaji kuchemshwa, yanahitaji kushukuriwa. Spika alikua akiamini kwamba kwetu juu hakuna nzi. Na kila Jumatano, mvua inyeshe au jua liwake, nyumba nzima ilikula mboga chungu iliyochemshwa bila chembe ya chumvi, kwa sababu, Mama alisema, hicho ndicho chakula cha asili cha kwetu juu. Fundi aliwahi kunyanyua kopo la chumvi siku ya Jumatano, akatazamwa, akalirudisha. Chumvi yote aliyoinyima mboga, Mama aliitia kwenye hadithi.

Kwa hiyo kampuni ya maziwa ya mji huu ilipomwita Fundi aje atengeneze chumba chake cha baridi, na ikampa chumba kwenye nyumba ya wageni, Spika aliwasilisha hoja kwamba familia yote iende, ikaione asili yake. Ghafla Mama akawa na mguu unaouma. Akawa na kuku wasioweza kuachwa. Akawa na harusi ya jirani, ambaye hata mchumba hakuwa naye. Hoja ilipita kwa kura mbili dhidi ya moja.

Mji ule ulijengwa kwenye mteremko, nyumba moja imeikalia nyingine mabegani. Kila ulikokwenda, ama ulipanda ama ulishuka. Palipokuwa sawa ni uwanja wa mpira tu, na hata hapo kipa wa upande mmoja alidaka akitazama juu. Mawingu hayakukaa angani kama mawingu yenye adabu. Yaliingia mitaani, yakapita kati ya maduka, yakachungulia kwa kinyozi, yakatoka bila kunyoa.

Fundi alinunua koti la mtumba siku ileile. Lilikuwa zito, refu, la kijani, lenye mkanda kiunoni, na vifungo vyake vilikuwa upande usiokuwa wa wanaume. Muuzaji aliapa kwamba baridi haiangalii vifungo. Kwenye kampuni ya maziwa, wafanyakazi walimpigia mluzi alipoinama kwenye mota. Fundi hakugeuka. Alilivaa koti lile kwa heshima zote, kama mtu aliyekula kiapo.

Alipokuwa kazini, Mama alimtembeza Spika. Kusema "alimtembeza" ni kumwonea huruma: alimkimbiza. Walipanda msitu wa juu ya mji, ambako miti mirefu ilifuga ndevu za kijani na ardhi ilikuwa laini kama godoro lililomwagiwa maji. Spika alipotaka kusikiliza ndege, Mama alisema, "Umewasikia. Twende." Walifika kwenye maporomoko ya maji, na Spika hajamaliza hata kulowa, Mama akawa amekwisha shika njia. Walikaa kwenye benchi la kilimani, mji mzima ukiwa chini yao na moshi ukipanda kutoka kila jiko, na Mama alikaa kama mtu aliyekalia miiba.

"Kwenu ni wapi hapo chini?" Spika aliuliza.

"Kulee."

"Kule kwenye bati jekundu?"

"Mji umebadilika. Hebu inuka, benchi lina unyevu."

Lakini Spika hakupewa cheo chake kwa kulala kikaoni. Aliona kwamba, wakienda msituni au wakirudi sokoni, Mama aliukwepa mtaa mmoja. Ni mtaa mfupi wa ngazi za mawe, unaoshuka nyuma ya soko, na kutoka chini yake ulisikika mngurumo wa mashine ya kusaga nafaka. Kuupita mtaa ule kungewaepushia kilima kizima. Mama alikubali kilima.

Siku iliyofuata aliwapeleka kwenye nyumba ya utamaduni, kwa sababu ilikuwa mbali na mtaa ule. Fundi alipewa mapumziko, akaja na koti lake. Kijana mmoja aliyejifunga ngozi juu ya suruali ya michezo aliwaonyesha kibanda cha nyasi, mafiga, vibuyu, na mahali ambapo watu wa zamani walilala na mahali mbuzi wao walilala, ambapo, ukitazama vizuri, palikuwa mahali pamoja.

"Hivi ndivyo walivyoishi wenyeji," alisema kijana kwa sauti ya kukariri. "Mama, wewe umetokea wapi?"

Spika alijiandaa. Alijua kinachofuata: maziwa, kijiko, maji, nzi.

"Bondeni," Mama alisema. "Mimi mgeni tu."

Fundi alimtazama mkewe. Spika alihisi kama mwanafunzi anayemwona mwalimu mkuu akiuliza shule iko wapi.

"Basi karibu, mgeni, ujaribu jiwe la kusagia," kijana alisema. "Wageni hulipenda sana. Usione haya ukishindwa."

Mama alipiga magoti. Mkono wake ukashika jiwe dogo, na kabla hajaukataza, ukaanza kazi: mbele, nyuma, bega likishuka, unga ukimiminika mwembamba pembeni. Kijana aliacha kukariri.

"Mgeni, unajifunza haraka!"

Mama aliliachia jiwe kama lililokuwa na moto. Akasimama, akapangusa magoti, akatoka nje bila kuaga.

Mchana waliingia mkahawani. Spika, ambaye sasa alikuwa mpelelezi kamili, alimwita mhudumu kwa unyenyekevu mkubwa. "Dada, sisi ni wageni. Tunaomba chakula cha asili cha hapa. Mboga chungu, isiyotiwa chumvi."

"Bila chumvi?" Mhudumu aliwatazama mmoja mmoja, macho yakatua kwenye koti. "Mgonjwa ni nani?"

"Hakuna mgonjwa. Si ndivyo mnavyokula?"

Mhudumu alicheka, akageukia jikoni. "Jamani, njooni msikie! Huyu anasema sisi tunakula bila chumvi!" Jiko zima likacheka, pamoja na mtu ambaye alikuwa amekuja tu kuleta mkaa.

Mama hakucheka. Aliagiza chai, akaiacha nusu. Walipopita sokoni alinunua fungu la mboga chungu, akalikumbatia kifuani. Walikuwa wakilala kwenye nyumba ya wageni, hawana jiko, hawana hata sufuria. Mboga zile zililala dirishani.

Asubuhi Spika aliamshwa na kunong'ona. Chumba kilikuwa kimoja, na aliyetaka siri humo alipaswa kwenda nayo chooni.

"Kazi nimemaliza," Fundi alikuwa akisema. "Basi ni la saa saba. Ukipanda basi hilo hujafika kwenu, Mama Spika, hutarudi tena. Nakujua."

"Ataniambia nini Dada? Nitamwambia nini?"

"Mwambie shikamoo. Mengine yatafuata."

"Na kama Mama hanitaki?"

"Basi utakuwa umejua. Kuliko kunipandisha milima na koti hili."

"Si nimewatembeza? Si mmeuona mji?"

"Tumeona mji wote isipokuwa nyumba moja."

Kisha Mama akasema, "Tutapita sokoni tu. Halafu stendi."

Spika alifumba macho kwa nguvu, kama mtu aliyelala usingizi wa haki. Alikwisha pata wazo. Lilikuwa wazo baya, kama mawazo yake yote mazuri.

Walipofika sokoni Mama alikuwa na pochi mkono mmoja na mboga mkono mwingine, zimenyauka lakini zimefungwa vizuri. Alitazama saa ya ukutani ya duka la dawa. Akatazama stendi. Alitazama kila kitu isipokuwa ngazi za mawe.

"Mama, nikusaidie," Spika alisema. Akazinyakua mboga, akatimua mbio.

"Wewe! Wewe mtoto! Lete hizo!"

Spika alizishuka ngazi mbili mbili. Mama akamfuata, sandali zikimpigia makofi. Nyuma yao Fundi aliinua pindo za koti lake kama bibi harusi na kushuka kwa uangalifu. Wauza vitunguu walisimama kutazama. Pengine pochi ingeachwa iende zake. Mboga zile, hapana.

Spika alikomea chini, kwa sababu mtaa uliishia hapo. Mbele yao palikuwa na kibanda cha bati kilichopauka kwa unga, na ubavuni mwake nyumba ndogo yenye mlango wa bluu. Mashine ilikuwa ikinguruma hadi meno yakatetema. Wanawake wamepanga foleni na ndoo zao. Mwanamke mrefu alisimama kwenye mdomo wa mashine, kitambaa kimemfunika pua, kope zake nyeupe kwa unga.

Mama alisimama. Mkono wake, uliokuwa umeinuliwa kumchapa mtu, ukashuka taratibu.

"Dada!" alipiga kelele kuushinda mngurumo. "Shikamoo! Ni mimi!"

Mwanamke wa mashine aliinua macho. Alimtazama kama linavyotazamwa gunia kabla ya kutiwa nafaka, kama lina tundu.

"Nimeona!" alijibu. "Foleni inaanzia kule!"

Na Mama, aliyekuwa malkia wa mtaa mzima kule bondeni, akaenda kupanga foleni. Alisimama nyuma ya mwanamke mwenye ndoo ya mahindi. Fundi akasimama nyuma ya Mama. Spika akamrudishia mboga bila kuambiwa, akasimama nyuma ya Fundi. Wakasogea hatua kwa hatua, familia ya watu watatu isiyo na nafaka.

Zamu yao ikafika. Mama mkubwa alikuwa akimimina mahindi ya yule mwanamke wa mbele, hakugeuka.

"Una nini?"

"Sina kitu, Dada!"

"Hapa tunasaga! Umeleta nini tusage?"

"Nimekuja kumwona Mama!"

"Mama yupo! Alikuwepo pia ile siku uliyosema unakwenda stendi kumsindikiza rafiki! Alikaa macho mlangoni akikungoja ule naye! Huyo rafiki mlisindikizana hadi wapi?"

"Nilituma salamu!"

"Salamu hazimgeuzi mgonjwa kitandani! Salamu hazifui shuka!"

"Ningefanya nini? Alikuwa amevimba miguu, kila siku anavimba zaidi!" Mama alishika ukingo wa mashine, akapaza sauti hadi mishipa ya shingo ikasimama. "Nilikuwa naogopa! Niliogopa atanifia mikononi siku ya zamu yangu!"

Mahindi yalikwisha katikati ya sentensi na mashine ikazimwa. Maneno ya mwisho yalitoka peke yake, uchi, mbele ya foleni nzima. Mwanamke mwenye ndoo alianza kuuchunguza mpini wa ndoo yake kama aliyeuona leo. Mahali fulani kuku akalia.

"Haya," Mama mkubwa alisema kwa sauti ya kawaida, ambayo ilikuwa mbaya kuliko kelele. "Umesema. Wote wamesikia. Nenda sasa, basi lisikuache. Anayefuata!"

Mama aliuachia ukingo wa mashine. Kisha akageuka. Fundi akampisha. Ngazi za mawe zilikuwa pale pale zikingoja, na huko juu honi ya basi ikalia.

Spika alikuwa na hofu. Lakini mdomo wake ulikuwa na tabia ya kutangulia, kama mbwa anayemvuta mwenye kamba.

"Mama mkubwa, samahani. Swali moja, halafu tunaondoka."

"Huyu nani?"

"Mwanangu," Mama alisema bila kugeuka.

"Ana mdomo."

"Ndiyo, Dada."

"Hii mboga," Spika alisema, akiinyooshea kidole, "ni nani huku kwenu aliyeanzisha kuila bila chumvi? Nimezunguka mji mzima, kila ninayemwuliza ananicheka. Na mimi nimeila kila Jumatano niliyokuwa nyumbani, tangu nilipoota meno. Hata sikukuu ikiangukia Jumatano, tunakula hiyo. Nataka tu kujua nimchukie nani."

Foleni ikacheka. Mama mkubwa hakucheka. Alishusha kitambaa puani, na sehemu ya uso iliyojitokeza ilikuwa ya Mama kabisa, ila ilikuwa imechoka zaidi.

"Kila Jumatano?" alimwuliza mdogo wake.

Mama aliitikia kwa kichwa.

"Mpaka sasa?"

"Mama alikatazwa chumvi," Mama alisema. Aliziambia mboga, si mtu. "Tukaapa, mimi na wewe, kwamba hatakula peke yake. Nikaondoka, ndiyo. Kila kitu nilikiacha. Hicho nilishindwa. Jumatano ndiyo ilikuwa siku yangu ya kupika."

Spika aliwahi kuwaza sababu nyingi za mboga ile, mojawapo ikiwa ni ubahili. Hii haikuwemo. Alitazama viatu vyake.

Mama mkubwa alikaa juu ya gunia. Unga ulimpanda mabegani, akauacha.

"Mimi nilivunja," alisema.

"Ulivunja nini, Dada?"

"Kile kiapo. Wiki ileile uliyoondoka. Nilijificha hapa nyuma ya mashine, nyanya mkono huu, chumvi mkono huu, nikala kama mwizi. Nilikuwa na hasira. Nilisema, huyo aliyekwenda zake atakuwa anakula vinono, mimi nijifunge kwa nini?" Akapangusa kope, zikazidi kuwa nyeupe. "Na Mama mwenyewe walimbadilishia vidonge siku nyingi. Akaruhusiwa. Sasa hivi anaila chumvi kama mbuzi."

"Mama anakula chumvi?"

"Anairamba."

Kutoka ndani ya koti la kijani ikatoka sauti ndogo. Ilikuwa ya Fundi. "Jumatano zote zile," alisema polepole, kama mtu aliyetengeneza friji kutwa nzima kisha akaambiwa haikuwa imechomekwa kwenye umeme.

Mama mkubwa alimtazama, akatazama vifungo. Kitu kikamtekenya pembeni mwa mdomo. Akainuka kutoka kwenye gunia.

"Mashine imepumzika!" aliiambia foleni. "Anayetaka kusubiri asubiri, anayetaka kununa anune." Kisha, bila kumtazama mdogo wake, akausukuma mlango wa bluu. "Ingieni. Mnaingiza baridi."

Bibi alikuwa amekaa karibu na jiko, mdogo, amefunikwa blanketi mbili na kofia ya sufu. Alimtazama Mama muda mrefu. Spika, ambaye hakuwahi kumwona mama yake akimwogopa mtu, alijisogeza nyuma ya koti la baba yake.

"Umempeleka salama?" Bibi aliuliza.

"Nani, Mama?"

"Huyo rafiki uliyekwenda kumsindikiza."

Mama alianguka magotini na kichwa chake kikaingia kwenye zile blanketi. Alichojibu hakikusikika. Bibi alimpapasa mgongo kwa mkono mmoja, bila haraka, huku akiwakagua wengine.

"Na huyu mama mwenye ndevu?"

"Ni mkwe wako, Mama," Mama mkubwa alisema.

"Karibu, mkwe. Koti zuri."

"Asante, Mama," Fundi alisema, na kwa mara ya kwanza tangu alipoingia mji ule, hakutetemeka.

Mama alipika. Hakuna aliyemwomba, ila hakuna aliyediriki kumnyang'anya sufuria. Alizichambua mboga zilizonyauka jani kwa jani, akazichemsha, akamwaga maji, akazichemsha tena. Kopo la chumvi lilikuwa kwenye rafu, usawa wa macho yake. Alilitazama mara moja. Mkono ulikwenda nusu ya safari ukarudi. Ulikuwa umesahau njia. Huko juu, basi la saa saba lilipiga honi mara ya mwisho na kuondoka na viti vitatu vitupu.

Akapakua, na ugali aliousonga Mama mkubwa ukawekwa katikati. Bibi alionja, akakunja uso.

"Mtoto wangu amerudi," alitangaza, "na bado hajui kupika. Chumvi!"

Fundi ndiye aliyelifikia kopo kwanza. Alimtilia Bibi, akajitilia mwenyewe kwa mkono usio na haya, akampitishia Spika. Spika alijitilia, akaonja, na ikabidi akiri moyoni kwamba mboga chungu ni chakula kitamu sana. Kisha akamsogezea Mama kopo. Mama akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaanza kula yake, kama ilivyo, taratibu, macho yameinama. Haikuwa hata Jumatano.

Kopo likafika kwa Mama mkubwa. Alilishika. Akaitazama sahani yake, akamtazama mdogo wake. Akalirudisha kopo katikati ya mkeka likiwa limefungwa, akachukua tonge, akachovya kwenye mboga isiyo na chumvi, akalitia mdomoni. Uso ukamkunjamana wote. Akameza. Akachovya tena.

Spika alikuwa na hoja kama tatu hivi, akazimeza pamoja na tonge.

Bibi alinyunyiza chumvi yake mara ya pili, akawatazama binti zake wawili wakitafuna kwa shida, bega kwa bega.

"Kwani nyinyi," aliuliza, "mnaumwa?"